Wazee wanaoteleza kwenye theluji: historia ya kustaafu bila kukalishwa chini

SEHEMU YA 1: BAISKELI YA BABA

Mliozoea ukurasa huu mnajua kawaida yangu: nikitoka zamu na nguvu zikibaki, nawaletea historia ya vitu vya mwili na hospitali. Safari hii nawapeleka mbali kidogo, kwenye milima ya theluji, kwa wazee waliostaafu ambao furaha yao ni kushuka mlima kwa kasi wakiwa wamesimama juu ya mbao mbili. Wa miaka 70, wa 80, na mmoja wa 99.

Usicheke kwanza. Na mimi nilicheka.

Ngoja nikwambie ilivyoanza. Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Tangu astaafu alikuwa anaenda shambani kwa baiskeli kila asubuhi. Mwaka juzi akaanguka kwenye kona yenye mchanga, akavunjika mkono karibu na kiganja. Akafungwa P.O.P wiki sita, mfupa ukaunga vizuri. Lakini mimi, binti yake, nesi wa wodi ya mifupa, nilishaona wazee wengi wakiingia na nyonga iliyovunjika na wasirudi kutembea kama zamani. Nikaogopa. Nikaifungia baiskeli stoo, ufunguo nikaondoka nao mjini.

Miezi kadhaa baadaye akanipigia simu. Hakugomba. Baba hagombi. Akasema tu, "Mama, serikali ilinistaafisha kazi. Wewe umenistaafisha miguu."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwambia, "Baba, ni kwa usalama wako," tukaagana.

Sasa wiki hiyohiyo niko zamu ya usiku, saa tisa, wodi imetulia, dawa zimeshatolewa, nikakutana kwenye simu na picha ya mzee wa Kijapani anashuka mlima wa barafu huko Ulaya. Umri wake miaka 99. Nikasema huyu ndugu zake wako wapi? Nani kamruhusu? Nikaanza kusoma ili nipate ushahidi wa kumwonyesha baba kwamba mambo haya ni hatari.

Nilichokipata kikanigeuka. Ndiyo maana nimeamua kuandika, na nitagawa sehemu sita ili usichoke. Twende.

SEHEMU YA 2: MBAO MBILI NA MTU WA TELEMARK

Kwa ambao hawajawahi kuona: skii ni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda juu mbele. Unazifunga kwenye viatu, unashika fimbo mbili, unateleza juu ya theluji. Huko kwenye theluji nyingi, mtu akitembea kwa miguu anazama mpaka magotini. Mbao ndefu inausambaza uzito wake, hazami. Kwa hiyo skii haikuanza kama mchezo. Ilianza kama usafiri, maelfu ya miaka iliyopita, ya kwenda kuwinda, kwenda kwa jirani, kufuata mifugo. Ni kama baiskeli ya baba tu.

Mchezo wa kushuka mlima kwa raha una mtu wake maarufu. Anaitwa Sondre Norheim, alizaliwa mwaka 1825 huko Morgedal, mkoa wa Telemark, Norway. Maskini wa kutupwa, mkulima mdogo na fundi wa mbao. Zamani skii zilifungwa kwa kamba ya vidole tu, kisigino kinaelea, ukitaka kukata kona mbao inabaki nyuma kama ndala iliyokatika. Norheim akasokota vijiti vya mti laini unaopindika, akavizungusha nyuma ya kisigino. Sasa mguu na mbao vikawa kitu kimoja. Akaweza kuruka na kukata kona.

Mwaka 1868 alikwenda kushindana mji mkuu, ambao siku hizo uliitwa Christiania na leo ni Oslo, akawashangaza watu. Alikuwa na miaka zaidi ya 40, umri ambao vijana wa leo wanakuita "mzee" kwenye kiwanja cha mpira.

Mwaka 1884, akikaribia miaka 60, alihamia Marekani na familia yake, wakaishia Dakota. Dakota ile ni tambarare, macho yanachoka kabla ya kuona kilima. Inasimuliwa kwamba hata huko hakuacha kuweka skii zake karibu na mlango. Mlima hana, lakini mbao zipo. Alifariki mwaka 1897.

Nilipoisoma hiyo nilikumbuka kwamba baba kila asubuhi bado anavaa viatu vyake vya shamba, halafu anakaa barazani.

Mtu wa pili ni Mathias Zdarsky, wa Lilienfeld, Austria. Huyu ndiye aliyeileta skii kwenye milima mikali ya Alps kwa mbinu za kuteremka na kukata kona bila kujiua, akaandika kitabu chake miaka ya 1890. Mwaka 1905 aliandaa mashindano ya kupita katikati ya vijiti vilivyochomekwa mlimani, ambayo wengi wanayahesabu kuwa mwanzo wa mbio za kona.

Lakini kwa jicho la nesi, habari yake kubwa ni ya mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa na jeshi la Austria milimani. Theluji ikaporomoka, yeye akafukiwa. Alikuwa ametimiza miaka 60 siku chache tu kabla. Sehemu za mwili wake zilizovunjika na kutenguka zinatajwa kuwa kama 80. Themanini! Hakuna antibiotiki, hakuna vyuma vya kisasa vya kuunga mifupa. Baada ya muda mrefu wa kujinyoosha kwa mazoezi na vifaa alivyovibuni mwenyewe, alirudi kwenye skii. Aliishi mpaka 1940.

Sikuambii uige. Nakuambia tu kwamba lile neno letu la wodini, "kwa umri huu hatarudi," Zdarsky angetubishia.

SEHEMU YA 3: PENSHENI NA MKUNGU WA NDIZI

Hapa kuna swali ambalo huenda umeshajiuliza. Sawa, kuna wazee wachache wa chuma. Lakini ilikuwaje mzee wa kawaida, karani mstaafu au mwalimu mstaafu, akapata nafasi ya kucheza?

Jibu lina vitu vitatu, na leo nakupa viwili. Cha kwanza ni pensheni. Cha pili, amini usiamini, ni ndizi.

Tuanze na pensheni. Zamani, kule kwao kama kwetu, mtu alifanya kazi mpaka mwili ukakataa, halafu akategemea watoto. Ujerumani, chini ya Bismarck, ilipitisha sheria ya mafao ya uzeeni mwaka 1889, na umri wa kuyapata ulikuwa miaka 70. Jiulize ni wangapi walifika 70 siku hizo. Marekani walichelewa sana: sheria yao ilisainiwa na Rais Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, umri ukawekwa 65.

Mtu wa kwanza kupata malipo ya kila mwezi chini ya sheria ile alikuwa mama mmoja, Ida May Fuller, Januari 1940. Hundi yake ilikuwa ya dola 22 na senti 54. Alikuwa amechangia chini ya dola 25 jumla. Akaishi mpaka miaka 100, akachukua zaidi ya dola 22,000! Bibi huyo aliishi Ludlow, mji mdogo jimbo la Vermont, na mlima uliopo pale Ludlow, Okemo, miaka ya 1950 uligeuzwa kuwa kituo cha skii. Sisemi kwamba Bi Fuller aliteleza. Nasema tu hundi ya kwanza ya wastaafu na mlima wa skii vilikutana kijiji kimoja.

Sasa ndizi. Mpaka miaka ya 1930, mara nyingi ukitaka kushuka mlima ilibidi kwanza uupande kwa miguu yako. Watu walifunga ngozi ya sili chini ya skii ili zisirudi nyuma, wakapanda saa nzima au zaidi, halafu wakashuka kwa dakika chache. Kijana anaweza. Mzee mwenye moyo wa miaka 68 anafika juu ameshamaliza betri.

Kampuni ya reli ya Union Pacific ilikuwa inajenga kituo cha skii huko Sun Valley, jimbo la Idaho, ili ipate abiria wa treni wakati wa baridi. Mhandisi wake mmoja, James Curran, aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini kwenye nchi za joto: waya unazunguka, una kulabu, mkungu unatundikwa, unapanda wenyewe mpaka melini. Curran akawaza: nikitoa kulabu nikaweka kiti, mkungu akawa mtu?

Wakubwa wake waliona ni hatari. Yeye akaendelea. Majira ya joto mwaka 1936 walifanya majaribio Omaha, mji usio na theluji wakati huo, kwa kuning'iniza kiti pembeni ya gari la mizigo. Mtu anasimama na skii juu ya majani makavu, gari linakuja, kiti kinamzoa nyuma ya magoti. Majani yakawa hayatelezi vizuri, wakajaribu na viatu vya magurudumu. Wakapata kasi inayofaa ya kumbeba mtu bila kumwangusha. Desemba 1936 Sun Valley ikafunguliwa na viti vyake.

Hesabu nawe: sheria ya pensheni 1935, viti vya kupandia mlima 1936. Havikupangwa pamoja. Lakini mmoja ulimpa mzee muda na shilingi, mwingine ukambebea kupanda na kumwachia kushuka tu.

Na wewe unayeishi Bukoba, Moshi, Mbeya au Meru, ukiona mkungu unaning'inia, kumbuka kwamba babu yake kiti cha mlimani ni huo.

SEHEMU YA 4: MGONJWA ALIYEMWITA NESI AMPE KALAMU

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndani yake kuna mwenzangu wa kazi.

Viti vilipokuja, watu wakaongezeka milimani, na mifupa iliyovunjika ikaongezeka. Sababu ni ule ujanja wa Norheim uliopitiliza. Alifunga kisigino ili mguu na mbao viwe kimoja. Waliomfuata wakaweka vyuma na mikanda, wakakaza zaidi. Vifungio vile Wamarekani waliviita "mtego wa dubu". Sasa fikiria: umeanguka, mbao ya mita mbili imekwama kwenye theluji, mwili unaendelea kuzunguka, mguu umefungwa na hauachii. Kitakachozunguka ni mfupa. Ndiyo maana muundi ulivunjika kwa kujisokota, kama unavyosokota muwa.

Huyo Hjalmar Hvam alizaliwa Norway mwaka 1902, akahamia Marekani, akaishi Portland, jimbo la Oregon. Alikuwa bingwa. Mwaka 1937 alishinda mbio kwenye mlima Hood. Siku hiyohiyo, baada ya ushindi, akapanda tena kushuka kwa raha zake, akaruka ufa mdogo, akatua vibaya, mguu ukavunjika.

Akapelekwa hospitali, akalazwa usingizi kwa etha, wakamtengeneza mguu. Alipozinduka, kwa maelezo yake mwenyewe, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita nesi ampe karatasi na kalamu. Akachora kifungio ambacho mguu ukijisokota, kinauachia.

Yule nesi jina lake halikuandikwa. Nimemfikiria sana. Mimi mgonjwa akizinduka anaongea habari za karatasi na kalamu, nitamwambia "tulia baba, dawa haijaisha." Na mara nyingi nitakuwa sahihi! Lakini yule alileta. Hvam akautengeneza mchoro ukawa chuma kweli, akakiita Saf-Ski, na mwaka 1939 kikawa sokoni. Yeye mwenyewe aliishi zaidi ya miaka 90.

Msomaji, hapa ndipo nilipokamatika. Kulikuwa na majibu mawili kwa mguu uliovunjika. La kwanza ni langu: asipande tena mlima, fungia skii stoo. La pili ni la Hvam: kosa si kuanguka, watu wataanguka. Kosa ni kiatu kisichoachia.

Haikuwa rahisi wala haraka. Vifungio vya mwanzo vingine viliachia pasipotakiwa na vingine vikagoma. Ufaransa na Ujerumani wakaongeza ubunifu wao baada ya vita. Kuanzia mwaka 1972 watafiti watatu huko Vermont, daktari wa mifupa na wenzake wawili, walianza kurekodi majeruhi wa mlima mmoja msimu baada ya msimu na kupima vifungio vyao. Ni kazi ya rejista, kama tunayojaza sisi kila asubuhi tukilalamika. Rejista ile ndiyo iliyoonyesha kifungio kipi kinavunja watu. Vipimo vya pamoja vikawekwa, na kuvunjika kwa muundi kukapungua sana kadiri miaka ilivyokwenda.

Nisikudanganye, rejista ileile ilionyesha pia jambo baya: kano za ndani ya goti zilianza kuchanika zaidi miaka ya 1980. Mfupa umepona, goti limeugua. Bado wanahangaika nalo mpaka leo.

Lakini sikia hii. Leo ukienda kukodi skii, fundi anakuuliza uzito, urefu, ukubwa wa kiatu, unateleza kwa upole au kwa fujo. Halafu anakuuliza umri. Ukiwa na miaka 50 au zaidi, jedwali linamwagiza alegeze kifungio hatua moja, kiachie mapema kuliko cha kijana, kwa kuwa mfupa wako hauna ubishi kama zamani. Umeona? Mtu amekaa chini akatengeneza jedwali linalosema: mzee anakuja, jiandae. Hakuandika: mzee asije.

SEHEMU YA 5: WAZEE WANAJIPANGA

Vitu vingine vikaongezeka polepole. Howard Head, mhandisi wa kiwanda cha ndege, mwaka 1947 alijaribu skii za mbao akaona zinamshinda. Akaamua kosa ni la mbao, si la kwake. Akahangaika na aluminiamu, wateleza skii wanamvunjia jozi baada ya jozi, mpaka mwaka 1950 akapata iliyokubali. Zilikuwa zinakata kona kirahisi mpaka watu wakazitania kwamba ni za wadanganyifu. Mwaka 1993 kiwanda cha Elan cha Slovenia kikatoa skii fupi zaidi, nyembamba katikati na pana kwenye ncha, ambazo ukiziegemeza ubavu tu zinageuka zenyewe. Goti la miaka 70 likashukuru. Na tangu miaka ya 1950 mashine zikaanza kusawazisha theluji, mashimo yakapungua.

Sasa wastaafu walikuwa na muda, wana kiti cha kupandia, wana kifungio kinachoachia. Kikabaki kikwazo kimoja unachokijua: hela. Pensheni haipandi, tiketi ya mlima inapanda kila msimu.

Mwaka 1977 mzee mmoja wa jimbo la New York, Lloyd Lambert, akaanzisha klabu ya wateleza skii wa miaka 70 na kuendelea. Hoja yake ilikuwa ya biashara kabisa. Aliwaambia wenye milima: wazee watupu hatuwezi kulipa bei ya vijana, lakini tukija tunakuja na watoto na wajukuu, tunakula, tunalala hotelini. Tupeni bei ya chini au bure. Wakakubali, mlima mmoja, wa pili, wa tatu. Klabu ikafika wanachama maelfu. Mpaka leo milima mingi Marekani na kwingine hupunguza bei kwa wazee, na mingine haiwadai kitu wakifika 70, 75 au 80. Kule Alta, jimbo la Utah, tangu miaka ya 1970 kuna kundi la wastaafu wanaokutana mlimani, wanateleza asubuhi, wanakula pamoja na kutaniana, halafu wanarudi tena. Kwetu tungesema ni kijiwe cha wazee. Tofauti ni kwamba bao lao ni mlima.

Na yule mzee wa kwenye simu yangu? Anaitwa Keizo Miura. Alizaliwa mwaka 1904, akafanya kazi ofisi ya misitu huko Aomori, Japani, na skii aliipenda tangu ujana. Alipostaafu misitu hakustaafu mlima. Alipovuka miaka 90 alianguka na kuvunjika mifupa, zaidi ya mara moja. Alipona, akaendelea na mazoezi ya kila siku, akijipikia chakula mwenyewe. Mwaka 2003, akiwa na miaka 99, alishuka bonde la barafu liitwalo Vallée Blanche kwenye Mont Blanc akiwa na mwanawe na mjukuu. Mwaka uliofuata akasherehekea miaka 100 kwa kuteleza Utah na vizazi vinne vya ukoo wake. Alifariki mwaka 2006, na miaka 101.

Mwanawe, Yuichiro, ni maarufu kumzidi: mwaka 1970 alishuka mteremko wa Everest kwa skii na parachuti mgongoni. Lakini alipofika miaka ya 60 alijiachia. Uzito ukapita kilo 80, presha, sukari inanyemelea, tumbo mbele. Unawajua, ndio wagonjwa wetu wa kliniki ya Jumatano. Kilichomwamsha ni kumtazama baba yake, mzee wa zaidi ya 90, anajiandaa na Mont Blanc. Akaanza kutembea na uzito miguuni na begi mgongoni. Akafika kilele cha Everest akiwa na miaka 70, tena 75, tena 80, mwaka 2013, na katikati hapo aliwahi kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Baadaye akapata tatizo la uti wa mgongo likamwacha amepooza kiasi. Mwaka 2023, akiwa na miaka 90, alifika kilele cha mlima Fuji kwenye kiti maalumu cha magurudumu, kikivutwa na watu wake. Hakuna aliyemwambia imetosha. Na hakuna aliyejifanya kwamba bado ana miguu ya mwaka 1970.

SEHEMU YA 6: UFUNGUO WA STOO

Tumefika mwisho, na nina deni mbili za kulipa.

Deni la kwanza ni la kitaaluma. Usije ukasema nesi kasema wazee waruke ruke. Mzee kuanguka ni jambo zito. Mfupa uliopungua nguvu, macho yenye mtoto wa jicho, dawa za presha zinazoleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, vyote hivyo vinaangusha watu, na wengi huangukia chooni au kitandani, wala si mlimani. Skii yenyewe ni ya gharama, wastaafu wengi duniani hawataiona. Na wale wanaoteleza uzeeni karibu wote walianza zamani, mwili unakumbuka.

Lakini kukaa nako kunaangusha. Hilo tunalisahau. Msuli usiotumika unasinyaa, na msuli wa paja ndio unaomzuia mzee asiende chini anapojikwaa. Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, kiliwahi kuwachukua watu wa miaka 60 na kitu, kikawateleza kwa skii pamoja na waalimu kwa wiki 12. Nguvu za miguu zikaongezeka, na pumzi pia. Kilichowasaidia si theluji. Ni mapaja kufanya kazi, usawa wa mwili kujaribiwa, na kuwa na mahali pa kwenda asubuhi na watu wa kuwa nao.

Deni la pili ni la baba.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Nilimkuta barazani, viatu vya shamba miguuni, anasikiliza redio. Nikamwomba asimame kutoka kwenye kiti bila kushika. Akashindwa mara ya kwanza. Mara ya pili akaweza, akatabasamu kwa aibu. Mwaka juzi kabla ya kuanguka alikuwa anabeba gunia la mahindi nyuma ya baiskeli. Mkono ulivunjika wiki sita. Miguu niliivunja mimi, kwa mwaka mzima na ushee.

Sikumkabidhi baiskeli siku ileile, sitaki uongo. Tulianza na kusimama na kukaa mara kumi asubuhi na kumi jioni. Tukaenda kliniki kupima presha na macho, na kweli jicho la kushoto lilikuwa na tatizo, na kona ile ya mchanga iko kushoto. Fundi akabadilisha breki na tairi la mbele, akashusha kiti mpaka miguu yote miwili ikagusa chini baba akiwa amekaa. Nikamnunulia helmeti. Akaiangalia, akasema, "Hii watanicheka." Nikamwambia, "Baba, kuna mzee wa miaka 99..." nikamsimulia yote mliyosoma hapa, mpaka ndizi. Alicheka pale kwenye ndizi.

Tulikubaliana: asubuhi tu, kwenye kona ile anashuka na kusukuma, na akisikia kizunguzungu haendi. Yeye akaongeza sharti lake: ufunguo wa stoo anakaa nao mwenyewe.

Nilimpa. Alipokwenda mara ya kwanza nilisimama getini mpaka alipopotea kwenye migomba, na nilirudi ndani baada ya kusikia kengele ya baiskeli mara mbili. Bado naogopa. Simu yake ikiita muda usio wa kawaida moyo unaruka. Lakini wiki iliyopita alinipigia jioni kuniambia mahindi yametoa mbelewele, na aliyaona mwenyewe, hakuhadithiwa.

Sasa wewe. Nyumbani kwenu kuna mzee uliyemfungia kitu gani stoo? Jembe? Mtumbwi? Cherehani? Safari ya sokoni? Usinijibu mimi. Kamwulize yeye, halafu mtazame kifungio pamoja: breki, miwani, ngazi, mwanga wa chooni, dawa. Kaza panapotakiwa, legeza panapotakiwa.

Naingia zamu ya usiku. Tutaonana sehemu nyingine, Mungu akipenda.